Daftari la Maji

Sista Muhonja alimwambia baba: bilauri nane kwa siku.
Akanikabidhi mimi daftari, kana kwamba baba ni duka
na mimi karani wa mikopo.
Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya wimbi,
lakini lilimpigisha magoti fundi wa kuchomelea mageti
ambaye hata kanisani husali amesimama.

Jumatatu. Nyalenda, mabati yanalia kwa joto.
Asubuhi: chai ya maziwa, vikombe viwili.
Saa nne: strungi, kikombe kimoja, sukari vijiko vinne
(alisema vitatu; niliona).
Saa nane: soda ya machungwa,
chupa ikitoka jasho kumshinda yeye.
Kondele, kwa mchuuzi: kahawa, vikombe viwili vya udole.
Usiku: chai, chai, chai.
Maji: funda moja, la kumezea dawa.

"Andika tisa," akasema. "Nimevuka."
"Baba, hayo si maji."
"Sasa ni nini, mawe?"
Akacheka, kisha akashika ubavu.
Neno lenyewe lilikuwa limemchoma.

"Wewe uliyesoma, nieleze.
Majani yakiingia sufuriani, maji hutokea mlango gani?
Mwalimu Ragot akivaa joho la kwaya,
huacha kuwa Ragot?"

Nikamjibu kwa nililolisikia tangu utotoni:
chai ni mgeni mwizi,
huingia na kikombe kimoja, hutoka na viwili.
Akaenda zake chooni bila kunijibu,
na nikadhani nimeshinda.

Alhamisi, Sista alisoma daftari, miwani puani,
kalamu nyekundu ikinusa kila mstari.
"Chai ihesabiwe," akasema.
"Huyo mwizi mnamsingizia. Anachochukua ni kidogo,
anacholeta ni kingi. Kahawa pia.
Soda nayo ina maji, ila ni maji yaliyokuja na deni."
Akajumlisha vijiko vya siku tatu, midomo ikitembea.
"Mzee Olweny, sukari hii unajengea nyumba?
Na wewe, binti, usikeshe na daftari.
Aangalie mkojo. Ukifanana na strungi, anywe.
Ukififia kama juisi ya ndimu, mwacheni alale."

Baba alinitazama njia nzima
kama timu iliyoshinda kwa penalti.

Usiku stima ilipotea. Tukakaa gizani,
themosi katikati yetu kama mtu wa tatu.
Ndipo akaanza, bila kuulizwa:
mwaka ambao mto Nyando uliingia kwao bila kubisha hodi,
ukakaa wiki mbili, ukaondoka na kuku na kuta.
Dada yake Anyasi, miaka sita,
aliinama akanywa kwa kiganja.
Maji meupe, akasema. Mazuri. Ungeyaona ungeyanywa.
Kipindupindu hakikumngoja jogoo.
"Tangu hapo mama hakutupa maji yasiyo na rangi.
Rangi ndiyo ushahidi, unaelewa?
Maji mekundu yamepita motoni, yana kovu lake.
Meupe yanaweza kukwambia lolote."

Sikuwa na la kujibu.
Nilikuwa nimegawa ukurasa safu mbili,
Maji huku, Mengineyo kule,
na mstari katikati nimeupiga kwa rula.

Asubuhi nilichemsha sufuria kubwa mbele yake,
povu likapanda, likashuka, likapanda tena.
Nikadondosha majani, chembe za kuhesabika,
mpaka maji yakapata rangi ya jua nyuma ya pazia.
Sukari, hapana.
Akanusa. "Hii ni chai?"
"Ni maji yenye shahidi."
Akanung'unika kwamba hata shahidi hulipwa nauli,
akanywa.

Ijumaa: saba, zote za rangi.
Ya nane ameitoa nje magharibi ilipoingia,
ameipoza kwanza, akipuliza,
kisha akaimimina mlangoni polepole,
ameinama chini sana,
kimo cha mtoto wa miaka sita.

Nimeandika nane.